Nililala usingizi na kesho yake walikuwa wanakuja kubeba magunia yangu

Mi nauza mchele sokoni hapa Mbeya, na kwenye hii biashara nimekutana na maadui wa kila aina, anayekuibia kilo, anayekopa alafu anabadilisha njia ya kupita, anayewaambia wateja wako kwamba mchele wako umechanganywa. Hao wote naona ni wa kawaida tu, unawakwepa maisha yanaendelea. Mtihani ni mtu anayejua chumvi jikoni kwako inakaa wapi. Huyo akikugeuka hujui hata uanze kujilinda upande gani.

Naandika hapa kilichonipata kwenye kikoba chetu na jinsi Mungu alivyonipa usingizi katikati yake. Nasema usingizi kabisa, ule wa kukoroma, siyo ile amani tunayoitajaga kwenye ushuhuda huku macho mekundu.

Kwa wasiojua kikoba kinavyoendeshwa, ni hivi. Tunakutana kila wiki, kila mama ananunua hisa kwa uwezo wake, hela inahesabiwa mbele za watu inaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wamama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Mkopo unatolewa palepale, rejesho linarudi palepale, na pembeni kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Mwisho wa mwaka tunavunja, kila mtu anapata mgao kulingana na hisa zake. Sasa fikiria Desemba, mtu ana sikukuu, ana sare na ada za Januari, ameshapiga hesabu ya ule mgao mpaka senti ya mwisho. Ukigusa hela ya kikoba mwezi huo umegusa watoto wa watu.

Mimi ndo nilikuwa mweka hazina, yaani sanduku lilikuwa linalala kwangu. Katibu, anayeandika daftari kuu, alikuwa shoga yangu. Jina simtaji na wala msikisie. Tuliimba alto pamoja kwaya moja, kwenye harusi yangu ndo alikuwa matron, na nikienda Kyela kufuata mzigo watoto wangu walikuwa wanalala kwake wanakula kwake mpaka wanarudi wanasema ugali wa mama mdogo ni mtamu kuliko wangu.

Tulipovunja hela ikapungua. Daftari kuu linasema hivi, sanduku linasema vingine, tofauti ni zaidi ya milioni mbili. Kikao kikawa kimya, ule ukimya wa watu wanaoogopa kutazamana, alafu shoga yangu akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Jamani mimi naandika tu, sanduku linalala kwake."

Hakuongeza neno. Na hakuhitaji kuongeza.

Jioni ile ile voice note zikaanza kutembea. Nyingine zilinifikia kwa mzunguko, mtu anakutumia eti "dada sikia wanavyokusema" kumbe anataka aone utajibu nini akawapelekee. Nilisikia sauti ya shoga yangu akieleza jinsi tulivyobadilisha bati la nyumba, hela tumetoa wapi. Yeye mwenyewe ndo alinisindikiza kununua hilo bati na anajua lilitokana na gunia ngapi, maana tulihesabu wote pale kwenye benchi langu. Nikatolewa kwenye grupu. Kwaya wakaniambia nipumzike kidogo huduma mpaka mambo yatulie, wakasema kwa upendo, na kuna upendo mwingine bora mtu akupige tu kofi mkamalizana. Mume wangu akawa anarudi anakula analala. Alikuja kuniuliza siku moja tu, "Una uhakika?" na mpaka leo sijui alikuwa ananiuliza kuhusu nini hasa.

Wakapanga siku. Jumatatu asubuhi watakuja kwa mwenyekiti wa mtaa, nilipe, nisipolipa wanabeba magunia yaliyoko stoo. Kuna vijana walishatafutwa na guta la kubebea.

Sasa mi usingizi ulikuwa umeshanihama kitambo. Unalala saa nne, saa saba uko macho unajibu watu wasiokuwepo, unamjibu huyu, unamjibu yule, unajipangia maneno makali utakayosema, kukikucha koo limekauka na hujasema hata moja. Moyo unadunda mtu akigonga geti. Chakula ni kama unatafuna karatasi. Niliomba pia, msidhani sikuomba, ila maombi yangu yalikuwa ni kumsomea Mungu orodha ya majina.

Mama yangu yuko Tukuyu, ni mtu wa Moraviani wa zamani, Biblia yake imefungwa kwa kipande cha kitenge maana jalada lilishakufa. Nilimpigia nikalia, nikamweleza yote, nikategemea atasema pole au atasema tumfunge mtu. Aliniuliza kitu kimoja, "Mwanangu, umelala?" Nikamwambia mama nitalalaje. Akasema, "Daudi alifukuzwa na mtoto wa kumzaa mwenyewe, akalala. Wewe umefukuzwa na katibu." Akaniambia soma Zaburi ya 3, salio langu linaisha, akakata.

Ile Zaburi nilikuwa naijua kwa kuimba, sikuwahi kuisoma nikiwa nimezungukwa. Juu yake pameandikwa ni ya Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu. Nikaenda kwenye habari yenyewe, 2 Samweli 15 mpaka 19, nikaisoma kama mtu anayesoma kesi yake mahakamani.

Absalomu hakuanza na mapanga. Alianza kwa kusimama asubuhi pale karibu na lango, mtu akija na shauri lake kwa mfalme anamdaka, anamuuliza umetoka mji gani, anamwambia kesi yako ni nzuri ila hapa hakuna wa kukusikiliza, laiti mimi ningekuwa mwamuzi. Mtu akitaka kumsujudia anamshika anambusu. Biblia inasema akaiba mioyo ya watu wa Israeli. Nilipofika hapo nikaweka Biblia chini kwanza. Maana nikaanza kukumbuka vikao vya miezi mingi nyuma, jinsi shoga alivyokuwa anawapitia wamama mmoja mmoja kwenye mabenchi yao, "mweka hazina wenu mkali sana siku hizi eeh, ningekuwa mimi hiyo faini ningekusamehe."

Alafu kuna Ahithofeli. Huyu mimi ndo aliniuma kuliko Absalomu mwenyewe. Mshauri wa Daudi, mtu ambaye ushauri wake ulikuwa unapokelewa kama vile umeuliza neno la Mungu, na Absalomu akamwita akaenda. Ukifuatilia majina, Bathsheba ni binti Eliamu, na kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi kuna Eliamu mwana wa Ahithofeli, kwa hiyo wengi wanaona alikuwa babu yake Bathsheba na kile kinyongo hakikutoka hewani. Inawezekana. Ila Daudi alipoletewa taarifa hakuanza kuchambua kwa nini. Alikuwa anapanda Mlima wa Mizeituni, miguu peku, kichwa kimefunikwa, analia huku anapanda, akaomba maombi ya sentensi moja tu, Bwana uligeuze shauri la Ahithofeli liwe upumbavu. Basi. Akaendelea kupanda. Na alipofika kileleni akamkuta rafiki yake Hushai kasimama, kanzu imeraruka, na huyo huyo Hushai ndiye aliyerudi mjini akajifanya yuko upande wa Absalomu, akaliharibu shauri la Ahithofeli. Majibu ya maombi yalikuwa yamesimama mlimani yana udongo kichwani.

Mi orodha yangu ya majina niliiacha usiku huo, nikasema Bwana, geuza hii hesabu. Maombi yakaishia hapo kwa mara ya kwanza.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo watu wa imani tunakoseaga. Ahithofeli alitaka apewe watu 12,000 amfuate Daudi usiku ule ule, ampate akiwa amechoka na mikono imelegea. Hushai akafanikiwa kumchelewesha Absalomu, alafu akatuma ujumbe kwa Daudi, usilale usiku huu kwenye vivuko vya jangwani, vuka. Na Daudi na watu wote walioandamana naye wakavuka Yordani usiku kucha, kulipopambazuka hakubaki hata mmoja ambaye hajavuka. Mtu yule yule aliyeandika nalijilaza nikalala usingizi, kuna usiku aliambiwa asilale na hakulala. Kwa hiyo ukiniambia kumtegemea Mungu ni kukaa tu unasubiri, mi siwezi kukubaliana na wewe. Kuna usiku wa kuvuka na kuna usiku wa kulala, na ukivuka usiku wa kulala unaumwa presha, ukilala usiku wa kuvuka wanakukuta.

Jumamosi ukawa usiku wangu wa kuvuka. Nilikuwa na kadaftari kangu ka shule, kale kembamba kenye jedwali la kuzidisha nyuma, kila kikao nilikuwa naandika kiasi kilichohesabiwa mbele za watu na tarehe, hakuna aliyeniambia niandike, ni mazoea tu ya dukani. Wamama wachache waliokuwa bado wananiongelesha wakaniazima vitabu vyao vya uanachama. Nikakaa mezani na kikokotoo cha simu, tarehe kwa tarehe. Mvua inapiga bati hilo hilo lililonileta matatani. Ilipofika kama saa tisa usiku nikaona. Kila palipo na tofauti, mwenye kitabu siku hiyo hakuwepo kikaoni. Wote. Mtu akiwa na mgonjwa au yuko shamba alikuwa anatuma rejesho kwa simu kwa katibu, katibu anamgongea kwenye kitabu, anaandika na kwenye daftari kuu akiwa nyumbani, ila hela yenyewe haikuwahi kufika mezani pangu. Zile kufuli tatu zilikuwa zinalinda hela iliyoingia. Ile nyingine haikuwahi kuliona sanduku.

Nilivyoona nilikaa tu. Sikufurahi, mnisamehe, nilitamani hata ningekuta ni panya.

Jumapili nilienda kanisani, nikakaa benchi la nyuma maana kwaya sina ruhusa. Mama mmoja akahamisha pochi yake nilipokaa karibu. Mchana nikarudi nyumbani, na hapa lazima nimtaje mtu mmoja bila jina. Sokoni kwetu kuna mama wa Kiislamu anauza dagaa, mgeni kabisa, alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu aje kutoka Kigoma, na kwenye kikoba chetu hayumo. Alikuja nyumbani na hotpot la maharage na wali, akakaa, akasema Jumatatu nafunga meza yangu tunaenda wote. Nikamwambia dada usijiingize, wewe hapa mgeni, watakususia wateja. Akasema, "Kwani mgeni hana macho?"

Baadaye nilikutana na Itai Mgiti kwenye ile ile habari nikacheka peke yangu. Yaani mtu wa Gathi, mji wa Goliathi jamani, Daudi anamwambia rudi, umekuja jana tu, kwa nini nikuzungushe huku na huku, yeye anaapa kwamba mfalme atakapokuwa ndipo atakapokuwa na yeye, iwe kufa iwe kupona. Kisha kule Mahanaimu, ng'ambo ya Yordani alikokimbilia Daudi, Barzilai na wenzake wanakuja na vitu, ngano, unga, dengu, asali, siagi, kondoo, ila ukisoma vizuri kitu cha kwanza kwenye ile orodha ni vitanda. Mfalme amekimbia, ana njaa na kiu, na wanamletea kitanda! Hapo ndo niliamini kwamba mambo ya kulala Mungu anayachukulia serious.

Jumapili usiku, basi. Kila kitu kilikuwa kibaya vile vile, vijana wa guta wapo, shoga yupo, voice note zinaendelea. Nilifunga kadaftari na vile vitabu kwenye khanga nikaweka chini ya mto. Simu nikazima kabisa, nikaiweka juu ya kabati la vyombo ambako mpaka uvute kiti. Nikapiga magoti nikasema hivi, Bwana hii hesabu nimeimaliza, iliyobaki ni jina langu na silijui nalilindaje, mimi nalala. Kisha nikasoma ile mistari, wengi wanaoiambia nafsi yangu hana wokovu huyu kwa Mungu, na wewe Bwana u ngao yangu pande zote, utukufu wangu na mwinua kichwa changu. Pande zote ndo iliyonishika. Maana adui wa mbele nilikuwa namwona, nilikuwa naogopa wa nyuma, wa pembeni, wa jikoni.

Uoga haukuondoka wote, nisidanganye. Uliendelea kukaa pale tumboni, ila kwa mara ya kwanza nikawa sina kazi nao. Ile kazi ya kulinda, kujibu, kupanga maneno, niliikabidhi, kukawa hakuna la kufanya zaidi ya kujigeuza upande. Nikalala. Mume wangu ndo aliniamsha kumekucha, akaniambia ulikuwa unakoroma, akasema kama analalamika lakini nikamwona anatabasamu, akavaa koti akasema twende.

Kwa mwenyekiti walikuwepo karibu wote. Nilikuwa nimemwomba na afisa maendeleo ya jamii wa kata awepo, kwa sababu yeye ndo anavijua hivi vikundi. Sikutumia hata neno moja katika yale makali niliyoyaandaa wiki zote zile. Nilifungua khanga nikaweka kadaftari mezani, nikasema naomba kila mtu alete kitabu chake tusome tarehe moja moja. Shoga akasema hicho kidaftari kaandika jana usiku. Kusema kweli hilo sikulitegemea, nikabaki nimeduwaa.

Ndipo akasimama mama mmoja anayeuza mchicha, mzee, mpole, hazungumzagi kwenye vikao. Ana kitochi ambacho hajui kufuta meseji, mpaka sanduku la meseji hujaa na anaendaga kwa wajukuu wamsaidie. Akasema mimi hapa kuna tarehe sikuja, nilituma kwa simu, meseji hii hapa. Afisa akasoma kwa sauti, kiasi, tarehe, na jina la aliyepokea. Akauliza nani mwingine alituma kwa simu. Ukumbi mzima watu wakaanza kuinama kwenye simu zao, unasikia vidole tu, na mmoja mmoja wakawa wanasoma, na jina lililokuwa linatoka ni moja.

Sitaki kueleza sana uso wa shoga yangu. Alikaa akashika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliyeko kwenye daladala.

Nilifika nyumbani nikafunga mlango nikalia kuliko nilivyolia siku zote zile. Yule dada wa dagaa akaniuliza, we unamlilia mwizi wako? Na Yoabu, mkuu wa jeshi lake, alimgombeza Daudi hivyo hivyo, kwamba unawapenda wanaokuchukia na unawaaibisha waliokutetea leo, maana Daudi vita ameshinda, Absalomu ameuawa, lakini yeye amepanda chumba cha juu ya lango analia Absalomu mwanangu, mwanangu. Watu wanashangaa mpaka leo kwa nini alilia. Mi sishangai. Daudi akainuka hata hivyo akaenda akakaa langoni watu wamwone, na mimi kesho yake nilifungua genge.

Wa kwanza kuja kuomba msamaha ni nani? Yule aliyenitukana kwa sauti kubwa kuliko wote kwenye voice note. Alikuja na kitenge na lita ya maziwa kabla hata jua halijapanda. Shimei kabisa. Yule mtu wa Bahurimu aliyemrushia Daudi mawe na mavumbi, Abishai akataka amkate kichwa, Daudi akasema mwacheni alaani, vita vilipoisha ndiye wa kwanza kukimbilia Yordani kumpokea mfalme. Daudi akamwapia hatakufa. Sema kuna kitu kwenye 1 Wafalme 2 kinanisumbua, Daudi yuko kitandani anakaribia kufa na bado anamkumbusha Sulemani habari za Shimei, mvi zake zishuke kuzimu na damu. Yaani alikuwa nayo miaka yote hiyo! Wahubiri hapo hupita haraka. Mi inanifariji kiasi fulani, kwamba hata Daudi haikuisha yote, ila sitaki niwaachie watoto wangu majina ya watu. Kitenge nilipokea, nimeshakishona.

Kwaya walinirudisha, nilikaa kidogo kwanza sikukimbilia. Mgao ulitoka pungufu, kila mtu alikatwa kidogo, na shoga aliandikishiana kwa mwenyekiti kulipa kwa awamu, ameshalipa sehemu. Kwenye kikao kilichofuata waliniuliza nasemaje, afukuzwe kikundi au abaki akimaliza deni. Nikasema amalize deni alafu aombe upya kama mwanachama mwingine, ukatibu asipewe, na marejesho ya simu yapokelewe kwa namba ya kikundi yenye namba ya siri ya watu zaidi ya mmoja. Wengine walitaka nimkaange. Sikuona faida.

Yeye mwenyewe bado hajaja kuongea na mimi. Sokoni tunasalimiana, "habari za asubuhi", "nzuri", kila mtu na njia yake, na watoto wangu bado wanamuuliza. Akija nitamkaribisha kwenye benchi, na ule mchele wa Kyela anaoupenda huwa haukosekani. Ila atalipa cash.